Daftari la Ukoo, Kamba na Futi: Mwongozo Kamili wa Kujua Vihatarishi Vyako vya Presha, Kisukari na Saratani

Mjomba alianguka alfajiri akienda kutawadha. Alikuwa na miaka 52. Msibani tuliambizana kwamba hakuwa mgonjwa: jana yake alikula vizuri, akacheka na watoto, akalala. Siku ya arobaini nilikuwa namenyea bibi machungwa, akasema polepole, "Baba yake naye alianguka vilevile, mjukuu wangu. Na ami yake. Wanaume wa nyumba hii hawazeeki."

Niliweka kisu chini. Wanaume watatu, damu moja, na kwa kadiri bibi anavyokumbuka hakuna hata mmoja aliyewahi kufungwa mashine ya presha mkononi. Habari zote zilikuwemo ndani ya nyumba miaka yote. Hakuna aliyezikusanya mahali pamoja.

Mwongozo huu unakusaidia kuzikusanya zako. Unahitaji daftari, kalamu, kamba, futi ya fundi cherehani, jioni moja na mzee wa ukoo, na asubuhi moja ya kwenda zahanati au kituo cha afya.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kihatarishi ni kitu kinachoongeza uwezekano wa kuugua. Si ugonjwa na si hukumu. Yupo mwenye vihatarishi vitano anayefika miaka 90, na yupo asiye na hata kimoja anayeugua. Lakini vikikutana mwilini mwa mtu mmoja vinasaidiana kuumiza, na vingi tunaweza kuvipunguza. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika kwa mambo tunayoyajua tayari.

Hatua ya 1: Fungua daftari la ukoo

Chora familia yako: wewe, ndugu wa tumbo moja, wazazi, kisha babu, bibi, wajomba, mama wadogo na wakubwa, shangazi, baba wadogo na wakubwa. Kando ya kila mmoja andika mambo matatu: aliugua nini, akiwa na umri gani, na kama yupo hai.

Hapo ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu wazee wetu hawana majina ya kitabibu. Siri niliyojifunza ni kutomwuliza mzee "alikuwa na ugonjwa gani?" Mwulize "alianza vipi?" Utapewa hadithi nzima, na hadithi ina dalili ndani yake. Hizi ndizo nilizozisikia mara nyingi, na zinakoelekeza:

"Alianguka, mdomo ukapinda, upande mmoja ukafa." Hiki ni kiharusi, na nyuma yake mara nyingi kuna presha isiyotibiwa.

"Alijigonga tu kidoleni, kidonda hakikupona, akakatwa mguu." Fikiria kisukari. Ukisikia pia alikuwa anabeba jagi la maji kwenda nalo kitandani na kuamka kukojoa mara nne, andika kisukari kwa wino mzito.

"Alivimba uso na miguu, wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu." Figo. Presha na kisukari ndivyo vinavyoua figo za wengi.

"Chakula kilikuwa kinamkwama, mwisho akawa anakunywa uji tu." Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ethiopia, Kenya, Tanzania hadi Malawi zimo kwenye ukanda wenye wagonjwa wengi wa saratani hii.

"Tumbo lilijaa maji, macho yakawa manjano." Ini.

"Alikuwa ameshakoma hedhi, damu ikarudi." Mlango wa kizazi, au mji wa mimba wenyewe.

"Mkojo ulimgomea mzee, kisha mgongo ukawa haumlazi." Tezi dume.

"Alilogwa." Usibishane. Mwulize tu: kabla ya kulogwa alikuwa anajisikiaje? Nimewahi kupata visa viwili vya kiharusi ndani ya neno hilo moja.

Haya si majibu ya daktari, ni njia ya kumpa daktari pa kuanzia. Umri ndio wenye uzito kuliko yote. Babu aliyepata ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 80 hasemi mengi juu yako. Baba au kaka aliyeupata kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, anasema mengi. Mwanaume ambaye baba au kaka yake aliugua saratani ya tezi dume ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuugua. Kama mama, dada na shangazi upande mmoja wamepata saratani ya matiti au mayai ya uzazi wakiwa bado vijana, mwambie daktari bila kusubiri aulize.

Wanawake, chukueni pia kadi zenu za kliniki za zamani. Aliyepata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito ana uwezekano mkubwa zaidi wa presha, kiharusi na ugonjwa wa moyo baadaye, hata kama mtoto alizaliwa salama. Aliyepata kisukari cha mimba, au aliyejifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4, apimwe sukari mara kwa mara. Kadi hizi hutupwa mtoto akianza shule. Zitunzeni.

Hatua ya 2: Jipime mwili

*Kamba.* Simama bila viatu, mtu akupime kwa kamba kutoka kisigino hadi utosi. Ikate hapo. Ikunje katikati. Sasa ipitishe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umepumua kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno hakizidi nusu ya urefu wako na uko vizuri. Zisipofika, mafuta yamejikusanya kwenye viungo vya ndani, na hayo ndiyo yanayovuta kisukari na presha. Kwa futi, alama za hatari huanzia sentimeta 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Kipimo hiki hakimhusu mjamzito. Napenda kamba kwa sababu haihitaji hesabu, na kwa sababu inamgusa hata mtu mwembamba mwenye kitambi ambaye mizani inamdanganya.

*Presha.* Haiumi. Wengi husema "nikiwa na presha kichwa huniuma," na kwa imani hiyo hawapimi kichwa kikiwa kizuri. Kupima vibaya nako kunaleta namba za uongo, kwa hiyo zingatia: usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, nenda haja ndogo kwanza, kaa dakika 5 ukiwa umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Usiongee. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa, maana mkanda mdogo hupandisha namba.

Chini ya 120/80 ni nzuri. Ikifika 140/90 au kuzidi kwa siku mbili tofauti pale kituoni, hiyo ni presha ya kutibiwa; ukipimia nyumbani, wastani wa 135/85 unatosha kukupeleka kwa daktari. Ikifika 180/120, tulia dakika chache urudie. Ikibaki hapohapo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama kuna kifua kuuma, kupumua kwa shida, macho kuona ukungu, ganzi upande mmoja au maneno kukwama, usisubiri kurudia kipimo wala usiku uishe.

*Sukari.* Ya kidole, asubuhi kabla ya kula, baada ya saa 8 bila chakula. Milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikirudiwa na kuthibitishwa, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 bado una nafasi ya kurudi nyuma, na hapo ndipo chakula na mwendo vinafanya kazi kubwa kuliko wakati wowote. Ukiwa na ndugu wa karibu mwenye kisukari, au kamba imegoma kukutana, usingoje miaka 40 kupima.

Hatua ya 3: Uliza kuhusu maambukizi

Hatua hii ndiyo miongozo mingi inaipita mbio, na kwetu ndiyo yenye thamani kubwa. Katika nchi za kipato cha chini, karibu saratani 30 kati ya 100 huanzia kwenye maambukizi. Maana yake ni kwamba baadhi ya saratani zetu zina chanjo.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Husababishwa na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili tu, 16 na 18, zinahusika na karibu asilimia 70 ya saratani hizi. Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Watu wengi hukipata kirusi hiki na mwili hukiondoa wenyewe. Kikikataa kuondoka, huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Huo ni muda mrefu sana wa kukikamata. Kwa hiyo mama mwenye virusi vya UKIMWI aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 25, wengine 30.

Nataka nieleze uchunguzi wenyewe, kwa sababu hofu ya kutojua ndiyo inayowarudisha akina mama mlangoni. Unalala kama unavyokaguliwa ujauzito. Muuguzi anaweka kifaa cha kufungulia njia, anapaka dawa iliyo kama siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja na kutazama. Sehemu iliyoharibika hugeuka nyeupe. Ikiwepo na ni ndogo, inaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa baridi kali au joto. Haikatwi, hakuna uzi wa kushona. Zipo pia sehemu zinazotumia kipimo cha HPV chenyewe, ambapo mama anaweza kujichukulia sampuli. Na binti zenu wa miaka 9 hadi 14 wachanjwe. Tanzania ilianza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018. Uvumi kwamba inafunga uzazi si kweli. Kinachofunga uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake.

Homa ya ini aina ya B ni ya pili. Wengi huipata utotoni au wakizaliwa, na hukaa kimya miaka 30. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo aelewe kwamba huenda hakuchanjwa. Pima damu mara moja. Kama huna, chanja: dozi tatu ndani ya miezi 6. Kama unayo, hujafa. Utafuatiliwa ini, na wengine hupewa dawa za kumeza zinazopunguza sana hatari.

Kichocho hakichukuliwi kwa uzito unaostahili. Kile cha mkojo, kinachojulikana sana Unguja, Pemba na Kanda ya Ziwa, huacha mayai kwenye ukuta wa kibofu, na miaka mingi ya kidonda hicho huleta saratani ya kibofu. Zipo jamii ambako mvulana kukojoa damu huonekana ni kukua tu. Apelekwe kupimwa. Dawa ya prazikwanteli ni ya kumeza.

Ongezeo moja: kama una vidonda vya tumbo visivyokoma, ulizia kipimo cha bakteria wa H. pylori, maana naye huleta saratani ya tumbo na hutibika.

Hatua ya 4: Ingia jikoni na ghalani

Usijiulize "nakula chumvi nyingi?" Kila mtu hujibu hapana. Hesabu pakiti. Kiwango cha juu ni gramu 5 kwa mtu kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo ndani ya mkate na viungo vya pakiti. Nyumba ya watu 5 ni gramu 750 kwa mwezi. Kama mnamaliza kilo nzima kabla mwezi haujaisha, na bado mnanunua mkate na chipsi, mmeshavuka. Anza kwa kuondoa chupa ya chumvi mezani. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Ibaki chumvi yenye madini joto, hiyo hiyo ila kidogo.

Sukari nayo ihesabiwe hivyohivyo. Inapendekezwa isizidi gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku, na 25 ni bora. Soda moja ya mililita 350 ina kama 35, karibu vijiko 9. Mwenye vikombe vitatu vya chai vya vijiko vitatu vitatu amefika hizo 35 bila hata kuonja soda.

Nyama za kusindika kama soseji zimewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, tangu 2015, kwenye kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani: gramu 50 kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Ziwe za nadra.

Chai ya moto sana, inayozidi nyuzi 65, inashukiwa kuunguza umio na kuandaa njia ya saratani. Mimina, hesabu dakika tano, ndipo unywe.

Sasa ghala. Sumukuvu ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hao waliila nyingi kwa mpigo. Inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na kwa mwenye homa ya ini B hatari hiyo inapanda mno. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi kabisa. Kinachosaidia ni kuanika juu ya turubai na si kwenye udongo, kuchambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye rangi kabla ya kusaga, na kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Jaribu hili kabla ya kufunga gunia: tia punje kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu, tikisa dakika tatu, iache dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudishe juani.

Wasafishaji wa mahindi wengi huzitenga punje mbovu vizuri, kisha huziuza kwa pombe ya kienyeji au kuwapa kuku wa mayai. Sumu haijaondoka, imehamia kwa mwingine.

Hatua ya 5: Tumbaku, pombe, tambuu na jua

Sigara hata moja kwa siku inahesabika kwa moyo. Ugoro nao ni tumbaku, ingawa hautoi moshi, na huleta saratani ya kinywa. Tambuu ya popoo hubeba hatari hata isipotiwa tumbaku, kwa sababu popoo lenyewe limethibitishwa kuleta saratani. Aliyelizoea na mdomo ukaanza kuwa mgumu kufunguka asichelewe. Pombe inahusika na saratani ya kinywa, koo, umio, ini, utumbo na matiti, na kila chupa inayopungua ni faida. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, jua ndilo kihatarishi cha kwanza: kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua, na kukaguliwa ngozi kila baada ya miezi michache.

Kuhusu mazoezi nitasema fupi: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi inayokufanya uhemee kidogo. Kulima na kubeba maji vinahesabika.

Hatua ya 6: Andika ukurasa mmoja wa kwenda nao

Gawa ukurasa sehemu tatu: nisivyoweza kubadili, ninavyoweza kubadili, vya kupima na lini. Tuseme ni mama wa miaka 43, mama yake alikatwa mguu kwa kisukari, mimba ya pili alipata presha, kamba haikukutana, hajawahi kuchunguzwa mlango wa kizazi, alizaliwa kabla ya chanjo ya ini. Sehemu ya kwanza: umri, mama, mimba ile. Ya pili: kiuno, chumvi, soda ya mchana. Ya tatu: sukari kabla ya kula na presha wiki hii, mlango wa kizazi mwezi huu, damu ya homa ya ini siku hiyohiyo ili asirudi mara mbili. Akimkabidhi muuguzi karatasi hiyo, mazungumzo yanaanzia mahali pazuri kuliko "mwili unachoka tu."

Mwanaume aliyefika miaka 50, au 45 akiwa na baba au kaka aliyeugua, aongeze mazungumzo ya kipimo cha tezi dume. Kipimo cha kwanza ni damu ya mkononi, ndugu zangu. Msikimbie kwa kuogopa kidole cha daktari.

Yapo mambo ambayo hayasubiri ukurasa: uvimbe kwenye titi, damu baada ya kujamiiana au baada ya kukoma hedhi, damu kwenye mkojo au choo, chakula kukwama, kidonda cha mdomoni kilichopita wiki mbili, kukonda bila sababu. Hayo ni ya kwenda wiki hii.

Nilipomaliza daftari letu niliazima mashine ya presha nikaenda nayo kwa bibi siku ya Idi, wajukuu wakiwa wamejaa ukumbini. Nilimfunga yeye kwanza ili wengine wasione haya. Kisha mdogo wangu wa kiume, miaka 34, mpiga mpira, hajawahi kulala hospitali. Mashine ikasoma 158/98. Tukasubiri, tukarudia: 154/96. Jumatatu alikwenda kituo cha afya, ikarudiwa tena wiki iliyofuata, na sasa anameza kidonge kimoja kila asubuhi. Bibi ameweka saa ya simu yake ilie saa 12 kamili, kisha anampigia: "Umekunywa?"